Mizani ya Kitangari

Msimu mzima nasimama ghalani Kitangari,
mkono mmoja kwenye kitabu cha stakabadhi,
wa pili unatuliza gunia lisiyumbe.
Wananiita Mzee wa Mizani
ingawa hamsini sijaifika.

Mwezi wa nane, ghala likiwa tupu,
alikuja Bi Esha wa Mnyambe.
Hakuwa na gunia. Alikuwa na bahasha,
na ndani yake fomu ya mkopo ya bintiye, Somoe,
kurasa zilizochapwa stesheneri kule Newala,
mia tano kila moja,
na kila moja na swali lake.

Baba yu hai?
Hapana.
Cheti cha kifo?
Hapana pia.

Marehemu Nandambo alifia mkekani,
tukamzika alasiri, mvua inanyesha.
Nani angekumbuka kwenda kumwandikisha?
Kwa hiyo serikalini bado anaishi,
anahesabiwa mzazi mwenye uwezo,
na uwezo wake ni kaburi
na mikorosho kumi na tisa.

Tulikwenda wilayani mara tatu
kumwua mtu aliyekwisha kufa.
Mara ya tatu akafa rasmi, kwa mhuri wa bluu,
na Bi Esha akalia upya
pale pale dirishani,
karani akimwomba asogee kidogo, foleni ni ndefu.

Huku nyuma jamaa wa kangomba alishanusa.
Akaja na bakuli na noti zisizo na mkunjo:
«Mama, chuo hakingoji mnada.
Nipe za Novemba leo.»
Bakuli lile nalijua.
Linaitwa kilo, linameza kilo na nusu.
Bi Esha alilitazama
kama mtu wa huku juu anavyotazama
ndoo ya maji ya jirani.

Kisha fomu ikataka mdhamini:
picha, namba ya kitambulisho, sahihi.
Wajomba watatu wakapata safari siku moja.
Wa nne alibaki, akasema kweli:
«Deni la shule halinyeshewi likaoza.»

Nikatia sahihi mimi.
Usiku usingizi ukanikimbia,
nikaandika nyuma ya stakabadhi iliyoharibika:

    Nimepima magunia, korosho za watu wote,
    Hili nimeliachia, halipimwi kwa vyovyote,
    Msichana kalilia, chuo, si nguo zozote,
    Mimi nimemwandikia, jina langu lote lote.

Ubeti mmoja tu. Wa pili ulikataa.
Mizani ya ushairi si ya chuma,
huwezi kuigonga kwa kiganja ikakaa.

Oktoba jibu likaja: asilimia sitini na moja.
Mimi ni mtu wa kupima.
Gunia likipungua thelathini na tisa
tunaita polisi.
Kwenye mkopo, wanasema, huo ni uchangiaji wa mzazi.

Uchangiaji ulitoka hivi:
zamu ya upatu ya mwanamke mwingine,
aliyesema nitangoja, mimi sina wa chuo;
kitanda cha mninga;
na mikorosho minne, nasema kwa aibu,
ilikwenda kwenye bakuli lile lile.

Februari simu ya Bi Esha ikalia.
Hasomi vizuri, akaniletea.
«Mama, bumu limeingia. Nakutumia elfu thelathini,
ununue salfa mapema, isije ikapanda.
Usimwambie mtu nakula mara moja.»

Nilisoma mpaka kwenye salfa.
Mstari wa mwisho nikaumeza.
Akacheka, akafunga pesa kwenye pindo la kanga,
akaenda kuulizia bei.

Jioni ile, ghala limebaki vumbi na panya,
nilipanda juu ya mizani mwenyewe.
Kilo sitini na nane,
zile zile za mwaka jana.
Jina langu liko Dar es Salaam, ndani ya faili,
na chuma hiki, nilichokiamini miaka kumi na mmoja,
hakikuona kilichopungua
wala kilichoongezeka.